Boti Isiyo na Mkuku

Wanangu, mbao haina haraka. Mwenye haraka ni wewe, au ni aliyeagiza kazi, au ni mama watoto nyumbani anayetaka kujua utarudi lini. Ninyi mnaoshika randa leo pale Ruziba ufukweni mwa ziwa, kwenye kibanda nilichofanyia kazi mpaka magoti yangu yakakataa, mmeniomba niwaeleze habari za ile boti ya mtoni. Nitawaeleza. Mnivumilie tu, maana mzee hafiki kwenye jambo bila kupitia kwa majirani.

Mimi ni mtoto wa mtaa wa Buyenzi, mjini. Kwetu wanaume wote walikuwa mafundi, huyu wa viatu, yule wa magari, mwingine wa cherehani. Mimi peke yangu niliangukia kwenye maji. Mwalimu wangu, Mzee Maulidi, alitengeneza boti za wavuvi wa ndagala, wale dagaa wa ziwani, na hakuwa mtu wa rula. Rula alikuwa nayo, kusema kweli, lakini aliitumia kujikuna mgongo. Ubao aliupima kwa kiganja, macho amefumba, akiupapasa polepole kama mtu anayetafuta homa kwenye paji la mtoto. Akifika mahali akasimama, basi ujue hapo pana kasoro, hata kama wewe na macho yako mazima huioni.

Ijumaa moja alikuja kukagua kazi yangu akiwa tayari amevaa kanzu ya kwendea msikitini. Akakaa ndani ya boti, akaanza kunisifu, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Mimi kwa furaha nikawa napiga misumari kwa nje, mmoja baada ya mwingine, ninafunga ubao kwenye mataruma, yaani zile mbavu za boti. Adhana ikalia. Mzee akainuka, kanzu ikabaki. Pindo lote la upande mmoja lilikuwa limebanwa kati ya ubao na taruma, na kazi niliyoifanya ilikuwa imara kweli, haikung'oka. Alinitazama. Akaomba kisu, akakata, akaenda kusali na kanzu ndefu kushoto na fupi kulia. Aliporudi alisema tu:

"Zuberi, mbele ya kupiga musumari, angalia upande ya pili."

Nimewafundisha wengi, na hakuna somo nililolirudia kuliko hilo.

Sasa tuje kwa Konsolata.

Alifika kibandani asubuhi moja ya kiangazi, mwanamke mrefu, mabega mapana, viatu ameshika mkononi. Baba yake alikuwa mvushaji watu kwenye mto Rusizi, na yeye alikulia kwenye mtumbwi wa gogo kama wengine wanavyokulia mgongoni. Siku hizo alikuwa akiwapeleka wageni kutazama viboko kule mto unapoingia ziwani. Lakini moyo wake ulikuwa juu zaidi, kule upande wa Cibitoke, ambako Rusizi inashuka na hasira kati ya mawe. Alitaka kuteremka na watu kutoka huko mpaka chini bondeni, na mtumbwi wa gogo ulikuwa umekwisha kumpindukia mara nyingi hapo.

"Fundi," akaniambia, "mi nataka boti yenye kuteleza juu ya maji. Apana yenye kukata maji."

Akachukua kijiti, akachora mchangani. Kitu chenyewe kilikuwa kimepinda kama ndizi, kichwa juu, mkia juu, tumbo bapa. Nikamuuliza mkuku uko wapi. Mkuku ni ule uti wa mgongo wa mbao unaopita chini ya boti; ndio unaoifanya ishike njia.

"Hakuna mukuku."

"Madamu, boti bila mkuku ni sinia."

"Basi nitengenezee sinia," akasema, akavaa viatu vyake. "Lakini iwe sinia nzuri, kwa sababu mi nitakaa ndani na watoto ya watu."

Nilicheka, lakini baada ya kuondoka nilikaa nikiangalia ule mchoro mpaka kuku wakaupitia juu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeanza kuchoka na kazi yangu. Boti za ndagala nilizitengeneza hata nikiwa nazungumza na watu. Hii ilinitisha, na nilikuwa nimesahau ladha ya kutishika.

Mbao nilichagua hivi. Mataruma nilitumia libuyu kutoka Kongo, ngumu, nzito, haisikii maji. Ubavuni sedrela, kwa sababu ni nyepesi na ina harufu ambayo wadudu hawaipendi. Ubao wa ubavu msiuchague kwa uzuri wa rangi. Uinueni upande mmoja, mwingine uache chini, mkanyage katikati taratibu. Ukipinda wote kwa pamoja kama upinde, huo ndio. Ukipindia sehemu moja, pengine kuna fundo ndani, utawaaibisha baadaye.

Mimi mwenyewe nilijua hayo yote na bado ubao wa kwanza ulipasuka. Ubavu wa boti ya ndizi unapinda kuliko ubavu wowote niliowahi kupinda. Nilikuwa nauvuta kwa kamba, unakuja, unakuja, kisha tak! Ulipasuka toka kichwa mpaka katikati, na mlio wake ukawafanya wauza samaki waache kubishania bei. Ubao wa pili ukafuata njia ya mwenzake.

Wakati huo Mzee Maulidi alikuwa ameacha kazi, amezeeka, anashinda barazani kwake Buyenzi. Nikaenda. Nikamweleza. Akauliza:

"Bibi yako bado iko na ile sufuria ya karamu?"

"Iko nayo."

"Na magunia ya kahawa?"

"Yanapatikana."

"Sasa unakuya kuniuliza nini?"

Ndivyo alivyokuwa. Nusu ya jibu alikupa, nusu nyingine ulitafuta mwenyewe. Lakini nilielewa. Mama Shukuru, mke wangu, alikuwa na sufuria kubwa ya kupikia pilau ya harusi, ambayo mtaa mzima uliiazima. Nilimwambia naihitaji kwa kazi ya ibada. Tulichemsha maji, tukaloweka magunia, tukayafunga kwenye ubao kama bandeji, tukayamwagia maji ya moto bila kuacha mpaka ubao ukalegea. Kisha tukazungusha kamba kwenye ncha mbili, tukapitisha mti katikati ya kamba, tukawa tunausokota. Kila mzunguko ncha zinasogeleana.

Hapo sikilizeni. Ubao unaongea. Ukilalamika kwa sauti nyembamba, ngojeni, mwageni maji. Ukinyamaza, sokoteni tena. Msisokote kwa hasira wala kwa sababu watu wanatazama. Jua lilikuwa linaelekea milima ya Kongo ule ubao ulipokaa kwenye taruma la mwisho, kimya kabisa, kama mtoto aliyelala. Nikapiga kelele ya "Alhamdulillah!" mpaka Konsolata, aliyekuwa ameshika mti wa kusokotea, akauachia kwa mshtuko, na tukakimbizana kuukamata kabla kamba haijafunguka.

Kuhusu sufuria: harusi iliyofuata, pilau ilinukia sedrela. Watu walikula, wakasifu, wakauliza ni kiungo gani kipya. Mama Shukuru akajibu ni siri ya ukoo wake. Kisha usiku huo akaniuliza mimi, na mimi nikasema nimechoka, nataka kulala.

Boti ilipokamilika ilikuwa nzuri, wanangu. Nayasema mimi niliyeitengeneza na siogopi kuonekana najisifu. Tuliziba viungo kwa pamba na lami, tukapaka rangi ya buluu, na vishikio vya makasia vilifuliwa kule Kinama kutoka kwa springi kuukuu za lori, kwa sababu Konsolata alisema kishwara, kile kitanzi cha kamba cha kushikia kasia, kitakatika na kumwangusha mahali ambapo hapana nafasi ya kufunga kingine. Tukaishusha ziwani siku ambayo wavuvi wote walikuwapo. Konsolata akapanda, akavuta kasia mara moja.

Boti ikazunguka kama pia.

Akavuta tena, ikazunguka upande mwingine. Upepo kidogo ukaja, ukaisukuma kama jani. Pale ufukweni watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. "Zuberi ametengeneza sahani ya kuchezea!" "We fundi, tia wali ndani!" Mvuvi mmoja alilala chali mchangani, anapigapiga miguu. Nilitamani maji yanimeze. Nilitembea mpaka nyuma ya kibanda, nikajifanya natafuta nyundo.

Konsolata alinifuata akiwa ameloa.

"Mzee Zuberi, unatafuta nini?"

"Nyundo."

"Iko mukononi."

Ilikuwa mkononi kweli.

"Usikasirike bure," akaniambia, "ziwa si mto. Ukimutoa samaki ukamuweka kwa mti, utasema hajui kupanda? Tafuta lori."

Tukaipeleka Rusizi. Hapo ndipo nilipoona kile ambacho maisha yangu yote ya boti hayakunionyesha. Sisi wote tunapiga makasia tukiwa tumegeuza mgongo kule tunakokwenda. Konsolata alikaa uso ukiangalia chini mtoni, kule kwenye hatari. Mto ulimchukua mbele. Yeye akavuta makasia kurudi nyuma, taratibu, akipunguza mwendo. Jiwe likitokea kushoto, aligeuza mkia wa boti kuelekea kulia, akavuta mara mbili tatu, na boti ikasogea pembeni kama mtu anayempisha mzee njiani. Lile tumbo bapa lililotuaibisha ziwani halikuwa na kitu cha kushikwa na maji. Mto ulipita chini yake ukitafuta pa kulikamata, ukakosa.

"Umeona?" akanipigia kelele kutoka katikati ya povu. "Hatari uipe uso, kisha uvute nyuma!"

Niliona. Nilikuwa nakimbia ukingoni kwenye matete kama kijana, kofia imeanguka sijui wapi.

Baada ya hapo Konsolata aliteremsha wageni, wanafunzi, hata maharusi mara moja, bibi harusi ameinua shela lake kwa mikono miwili. Mimi nikaacha kazi, nikakaa nyumbani. Ningeweza kuishia hapo na ingekuwa hadithi nzuri. Lakini mvua ikanyesha.

Mnaikumbuka ninyi pia. Ilinyesha milimani, ikanyesha bondeni, ziwa likapanda mpaka kwenye nyua za watu wa Kibenga. Rusizi ikavunja ukingo wake, ikajichimbia njia mpya katikati ya mashamba ya mpunga. Kati ya ile njia mpya ya maji na mto wa zamani kulikuwa na mgongo wa ardhi ulioinuka kidogo, mahali pa kuanikia mpunga. Watu wa kijiji kizima walikuwa wamekimbilia hapo. Tuliwaona kutoka barabarani, wamesimama wamebanana, na maji yanaendelea kuula ule mgongo kutoka kila upande.

Boti ya mashine ilijaribu. Majani na nyaya za uzio zikajifunga kwenye pangaboi, ikarudishwa kwa kamba. Wavuvi wa Ruziba, wale wale walionicheka, walileta boti yao kubwa, na wallahi walikuwa na moyo. Lakini ilikuwa na mkuku mrefu, ule niliouchonga mimi mwenyewe. Walipofika kwenye mkondo, maji yakaushika mkuku ubavuni, boti ikalala. Waliogelea, wakashika mti, tukawavuta kwa kamba, wote wazima. Ndipo mmoja wao, yule aliyelala chali mchangani, akaja kwangu anatetemeka.

"Mzee, ile sahani yako iko wapi?"

Ilikuwa njiani. Konsolata alikuwa tayari ameipandisha kwenye lori. Alipofika akaruka chini, akaangalia maji kwa muda mrefu. Kisha akasema anahitaji mtu wa kuchota maji ndani ya boti na kusukuma magogo kwa mti, mtu anayejua boti inavumilia nini.

"Mimi," nikasema.

Mama Shukuru alikuwa nyuma yangu. Alikuja kuleta chai kwa waliookolewa. "Baba Shukuru, we na magoti gani?"

"Ndani ya boti watu wanakaa, mama."

Akanitazama. Akavua kitenge chake cha juu, akanifunga kiunoni kwa nguvu kama anavyofunga mzigo. "Basi kaa vizuri," akasema.

Tuliingia juu kabisa ya mkondo, kama Konsolata alivyotaka, ili mto utuchukue wakati sisi tunasogea. Sikuwahi kuogopa hivyo. Magogo yalipita, paa la nyumba likapita, mgomba mzima na mkungu wake ukapita umesimama wima kama abiria. Konsolata hakutazama kitu kingine ila maji yaliyokuwa mbele yake. Alivuta, akapumua, akavuta. Tukagusa ule mgongo wa ardhi kwenye ncha yake ya chini, na mikono mingi ikatudaka.

Tukaanza na watoto na mama zao. Kurudi, tulibebwa tukavuka tukatokea barabarani chini kidogo, ambako watu walikuwa wakingoja na kamba. Waliikokota boti kando ya barabara mpaka juu, tukaingia tena. Hivyo, na tena hivyo. Mikono ya Konsolata ilitoka damu, akaifunga vitambaa, akaendelea. Nilijitolea kumpokea makasia. Akasema, "Mzee, kila mutu na kazi yake. We chota."

Safari moja kabla ya mwisho, gogo kubwa lilikuwa limekwama kwenye mkondo na matawi yake yote yakitungoja. Nililiona, nikamwona Konsolata ameliona. Akageuza mkia, akavuta kwa nguvu zote. Haikutosha. Maji yalikuwa yanatuburuta kwenye lile gogo, na ndani mlikuwa mmejaa watu. Nikasikia watoto wanaanza kulia. Nikashuka kwa magoti, nikaweka kiganja kwenye sakafu ya boti.

"Liache lije chini!" nikapiga kelele. "Kichwa kiko juu, litapita chini! Mbao itavumilia!"

Konsolata aliacha kuvuta. Kwa pumzi moja boti ilikimbia mbele. Kile kichwa kilichoinuka kikapanda juu ya gogo, na tumbo bapa likateleza. Niliisikia sedrela chini ya kiganja changu ikilalamika kwa ile sauti nyembamba, ikilalamika, ikilalamika, kisha ikanyamaza. Tukashuka upande wa pili ndani ya maji laini. Konsolata alicheka, machozi yanamtoka, akaniambia, "Sinia nzuri, fundi!"

Mwisho kabisa walibaki wazee wachache na mukecuru, yaani bikizee, mmoja aliyeitwa Bernadeta, aliyekataa kupanda mpaka maharage yake yaive. Kweli, alikuwa na moto mdogo juu ya bati na chungu kinatokota, na ardhi inamomonyoka nyuma yake.

"Mukecuru, twende, maji iko inakuya!" Konsolata akamwambia.

"Naiona. Sikuzaliwa leo. Lakini siwezi kuingia mu boti ya watu mikono mitupu."

Tukamwinua yeye na chungu chake. Katikati ya mkondo, wakati mimi nachota maji, aligawa maharage kwa kijiko cha mti, mtu mmoja mmoja, akianza na Konsolata, ambaye alifungua kinywa bila kuacha kuvuta. Nilipolishwa mimi yalikuwa hayajaiva vizuri. Sijala chakula kitamu kama kile.

Tulipogusa barabara, wanawake walipiga vigelegele, zile impundu zao zikaenda mpaka milimani na kurudi. Watu walishuka wote. Nikataka kuinuka na mimi, magoti yakakataa. Baridi ilikuwa imeyafunga. Nikasema niacheni kidogo. Hawakuniacha. Wale wavuvi wa Ruziba wakaingia majini, wakajipanga pande mbili, wakainua boti nzima mabegani mwao nikiwa ndani na kitenge cha mke wangu kiunoni, kama mgonjwa kwenye ingobyi, ile machela yetu ya kienyeji, au kama bibi harusi.

"Nishusheni, nyie wajinga!" nikawaambia. "Mtaniangusha!"

"Kaa vizuri, Baba Shukuru!" Mama Shukuru akaita kutoka chini, anacheka, mikono ameweka kichwani. Konsolata alikuwa amekaa kando ya barabara, ameegemea bega la mukecuru, vitambaa vyekundu mikononi, naye anacheka.

Wakanipandisha juu zaidi. Kutoka pale niliweza kuona bonde lote, maji ya rangi ya matofali yakimeta, na katikati yake ule mgongo wa ardhi. Moshi wa moto wa Bernadeta ulikuwa bado unapanda kidogo. Nilitazama kwa makini, kila upande, kama nilivyofundishwa kuukagua ubao. Hakukuwa na mtu hata mmoja. Sijawahi kuona mahali patupu pakawa pazuri namna ile.